Nyanya za Wakati wa Rashi

Kabla dhahabu haijaonekana kilimani, ile bustani ya kando ya kijito kule Susuni ilikuwa ya Ghati peke yake. Mumewe, Waitara, alikuwa mtu wa ng'ombe. Alimjua kila ndama wa zizi lake kwa rangi na kwa ukorofi wake, lakini ukimwuliza mkewe kapanda nini msimu huu, alikuna kichwa. Mboga zilikuwa mambo ya wanawake. Yeye alizikuta sahanini.

Ghati alilima kama alivyofundishwa na mama yake. Alibeba samadi ya zizini kwa karai, akaifunika kwa majani ya migomba mpaka iwe nyeusi na iache kunuka, ndipo akaitia kwenye mashimo. Wadudu wakija, alinyunyiza majivu asubuhi majani yakiwa bado na umande, au aliloweka mwarobaini na pilipili kwenye ndoo, akachuja, akarushia mimea kwa mfagio wa nyasi. Nyanya zake hazikuwa kubwa. Nyingine zilitoka na matobo, na hizo alikata upande mbovu akawatupia bata. Wateja wake walikuwa majirani na walimu wa shule, na walishazizoea hivyo hivyo.

Halafu ikaja rashi, watu wakaikimbilia dhahabu.

Hakuna aliyejua kwa hakika ni nani aliyeokota jiwe la kwanza. Watu walishtukia tu kilima walichokuwa wakikata kuni kimegeuka mji wa maturubai. Walikuja wachimbaji kutoka Mugumu, kutoka Geita, hata Wakenya wa ng'ambo ya Sirari. Karasha zilisaga mawe kutwa kucha, na vumbi lake jeupe likatua kwenye migomba ya watu. Mwaka uliotangulia ugonjwa ulikuwa umelimaliza zizi la Waitara, akabaki na ng'ombe wa kuhesabika na muda mwingi wa kukaa. Kwa hiyo naye akachukua sururu, akashuka kwenye duara, shimo la dhahabu, pamoja na wenzake.

Alichotoa shimoni hakikumtajirisha. Lakini alipokuwa amekaa juu ya kifusi akila ugali wa mama ntilie, aliona kitu. Wanaapolo, wale wachimbaji, walikula nyama na kachumbari kila siku, na tenga la nyanya likifika kilimani lilikwisha kabla aliyelileta hajafuta jasho. Akina mama ntilie waligombea zile kubwa, zinazong'aa, zisizo na doa hata moja. Za Ghati wasingezigusa.

Siku ya gulio Waitara alikwenda hadi Sirari, akarudi na bomba la kupulizia la mtumba mgongoni na chupa za dawa ndani ya kiroba. Muuzaji alikuwa amemwambia achanganye ya aina hii na ya aina ile, hakuna mdudu atakayebaki. Maandishi ya kwenye chupa yalikuwa ya lugha ambayo si Kiswahili wala Kiingereza.

"Baba Neema, hii ni nini?" Ghati aliuliza.

"Dhahabu. Wenzangu wanaitafuta shimoni, mimi nimeiona bustanini kwako."

Ghati alifungua kizibo kimoja, akanusa, akakirudisha haraka. "Kitu kinachonuka hivi ndicho utakachokipaka kwenye chakula cha watu?"

"Mboga zote unazoziona Tarime zimepuliziwa. Umeona mtu ameanguka?"

"Sijaona. Na bata wangu wanaokunywa maji pale chini?"

"Bata!" Waitara alicheka. "Mtoto yuko sekondari, anataka ada, wewe unanitajia bata."

"Bustani hii nimeilima mimi."

"Na ardhi ni ya nani?"

Swali lile mwanamke asingelijibu kwenye boma la mumewe kisha akakaa humo kwa amani. Ghati alichukua karai lake, akaenda zake.

Na kweli, nyanya zilikubali. Zilitoka kubwa kama ngumi, nyekundu sawasawa, ngozi laini isiyo na kovu. Stanslaus, mchuuzi mwenye pikapu aliyekuwa akilisha nusu ya vibanda vya kilimani, akawa anakuja mpaka mlangoni. Wakati wa kupulizia na wakati wa kuchuma vikasogeleana mpaka vikagusana. Dawa ikipigwa jioni, matenga yalipakiwa kesho yake. Waitara aliezeka nyumba kwa bati jipya, akamlipia Neema ada, akanunua redio. Majirani nao wakaenda Sirari kutafuta mabomba. Msimu wa pili ulipofika, ukipita kando ya kijito kile asubuhi ulikuwa unasikia fyu, fyu, fyu kila upande, na harufu ile ilikukaa kooni mpaka mchana.

Bata walikufa. Kwanza wawili, halafu wote. Nyuki waliokuwa kwenye mti wa mpakani walihama, au walikufa, hakuna aliyewaona tena. Ghati alilima tu kipande kidogo nyuma ya jiko, akakitia samadi na majivu, na mboga za nyumbani zikawa zinatoka huko. Siku moja Waitara alichukua nyanya moja nzuri kutoka kwenye tenga, akataka kuikatia kwenye sahani yake. Ghati akainyang'anya.

"Hizo ni za kuuza," alisema.

"Kwani mimi siwezi kula nyanya yangu?"

"Hizo ni za kuuza, Baba Neema. Zako ziko nyuma ya jiko."

Waitara alilichukulia jambo lile kama uchoyo wa wanawake, akacheka, akala alichopewa.

Kadiri biashara ilivyokua, yeye alizidi kushinda kilimani. Kule ndiko kulikokuwa na bei, na bei ilitaka mtu wa kuisimamia. Kupulizia kukabaki kwa Ghati. Alifunga kanga puani, akavaa gauni lake la kazi, akabeba bomba. Bomba lenyewe lilikuwa linavuja. Mpira wa pale chini ulikuwa umelika, na dawa ilimtiririka mgongoni hadi kiunoni. Alimwambia mumewe. Waitara alisema atanunua mpira mwingine gulio lijalo. Gulio likapita, akasahau. Alimwambia tena. Akasema bomba zima atabadilisha, asubiri mzigo huu utoke. Ghati alianza kukohoa, macho yakawa mekundu, na kila akimaliza kupulizia kichwa kilimgonga mpaka akalala chini kwenye kivuli cha ukuta. Mokami, mdogo wake aliyeolewa boma la jirani, alimwona hivyo zaidi ya mara moja.

"Dada, mwachie mwenyewe apulizie."

"Mwenyewe yuko kilimani."

"Basi usipulizie."

"Wakija wadudu zitaharibika. Atasema nimemharibia kusudi."

Siku yenyewe jua lilikuwa kali, na upande wa ziwa mawingu yalikuwa yanajikusanya. Waitara alikuwa ameacha maneno kwamba Stanslaus anakuja kesho, mzigo uwe tayari, na mvua ikitangulia madoa yataingia. Ghati akachanganya dawa mchana ule ule. Neema aliporudi kutoka shule alimkuta mama yake amekaa kwenye tope la kijitoni, bomba bado mgongoni, mate yanamtoka, mwili mzima unatetemeka kama wa mtu mwenye homa kali. Binti alipiga kelele. Mokami alikuja akikimbia. Walimvua bomba, wakamburuta hadi juu, na kwa kuwa alikuwa anatetemeka vile, wakamfunika blanketi zito, wakamkalisha katikati yao kwenye bodaboda.

Njiani alikuwa bado ana fahamu. "Nivueni," alisema. "Linaunguza."

Walidhani anaweweseka. Wakalikaza blanketi.

Waitara alipigiwa simu akiwa kilimani, akawakuta zahanati. Muuguzi, mwanamke mtu mzima, alikuwa tayari amelikata gauni kwa mkasi na anamwosha mgonjwa mgongo kwa sabuni. Ngozi yote, kutoka mabegani hadi kiunoni, ilikuwa nyekundu.

"Nguo hii ilikuwa imelowa dawa," muuguzi alisema bila kuinua uso. "Mmemfungia nayo ndani ya blanketi. Ingevuliwa palepale shambani, mwili ukaoshwa."

"Hatukujua," Mokami alisema.

"Najua hamkujua, mwanangu. Hamna anayewaambia."

Alimchoma sindano, akaita gari la kumpeleka hospitali. Waitara alipanda naye nyuma. Alimshika mkono, na mkono ule ulikuwa na majimaji kama uliochovywa kwenye bakuli. Ghati alimtazama kwa macho ambayo mboni zake zilikuwa zimesinyaa zikawa kama ncha ya sindano. Waitara hakuelewa kama anaonwa au haonwi. Alimwita. Akamwita tena kwa jina lake la usichana, jina alilokuwa hajalitamka tangu Neema azaliwe. Kabla hawajafika barabara ya lami, Ghati alikuwa ameshakata roho.

Walimzika kwenye migomba, upande wa chini wa boma. Wazee walikuja, wakanywa uji, wakanong'ona. Wengine walisema amerogwa na wenye wivu na lile bati. Wengine walisema dhahabu haitoki ardhini bila kuchukua mtu, na kilima kilikuwa kinadai chake. Waitara aliwasikiliza wote. Angetamani kumwamini mmoja wao. Kila alipotaka kuamini, alimwona muuguzi akilikata lile gauni.

Tanga halijaanuliwa, pikapu ya Stanslaus ikasimama mlangoni. Alishuka amevua kofia, akampa mkono.

"Pole sana, shemeji. Pole kwa kweli. Mama alikuwa mtu wa watu." Alikohoa kidogo. "Sasa, nilikuwa naona mzigo huko chini umeiva wote. Kilimani hakuna nyanya kabisa wiki hii. Vijana wangu watachuma wenyewe, wewe usisumbuke. Na bei nimekupandishia, kwa ajili ya msiba."

Waitara alinyanyuka kwenye kigoda, akateremka bustanini, na Stanslaus akamfuata akidhani anakwenda kuonyeshwa mistari. Nyanya zilikuwa zimewiva kweli, nzito, zimeinamisha miti yake, zinang'aa juani. Waitara alishika shina la kwanza kwa mikono miwili, akaling'oa. Akang'oa la pili. Aliendelea hivyo, bila haraka, mstari mmoja kisha mwingine, akizirundika katikati na kuzikanyaga, mpaka suruali yake ikalowa magotini kama ya mtu anayechinja.

"Shemeji! Shemeji, unafanya nini? Hii ni pesa!"

"Mke wangu alininyang'anya moja ya hizi," Waitara alisema. "Nilikuwa nataka kuila, akaninyang'anya. Nenda, Stanslaus."

Stanslaus alikwenda. Kilimani alisema Waitara amechanganyikiwa kwa majonzi, na watu walimhurumia.

Chupa za dawa zilizobaki Waitara alitaka kuzitupa kijitoni. Mokami alimkamata mkono. "Humo ndimo tunamochota maji," alisema. Walichimba shimo mbali na maji, juu kwenye kichuguu kikavu, wakazifukia pamoja na bomba, wakaziba kwa mawe ili mbwa wasifukue. Hapo ndipo Waitara alipomwambia shemeji yake kwamba anataka kulima kama Ghati alivyokuwa akilima.

"Unajua alivyokuwa akilima?" Mokami aliuliza.

"Sijui."

Mokami hakumrahisishia. Alikuja asubuhi, akamwonyesha kitu kimoja, akaondoka. Samadi mbichi inaunguza mizizi, hukuiona ilivyokuwa inaiva? Haya ni majivu ya kuni, usinitilie ya plastiki. Hapo usipande nyanya juu ya nyanya, weka maharage kwanza. Wakati mwingine sauti yake ilifanana na ya dada yake kiasi kwamba Waitara aliacha jembe, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Msimu wa kwanza funza walikula karibu kila kitu. Udongo ulikuwa umechoka, mgumu kama sakafu, na ukiuchimba hukuona hata nyungunyungu mmoja. Waitara alirudi nyumbani na mboga za kujaza sufuria moja. Aliuza redio. Neema alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa ada, na katika muhula huo hakumwambia baba yake zaidi ya shikamoo na chakula tayari. Siku moja tu, alipomwona anamwagia majivu kwenye vitunguu vya nyuma ya jiko, alisema kwa sauti ya chini, "Mama alikuambia." Halafu akaingia ndani. Waitara alibaki amekishika kikopo cha majivu.

Rashi nayo ikafika mwisho wake. Dhahabu ya juu ilikwisha, maji yakajaa kwenye maduara, maturubai yakakunjwa, watu wakakimbilia kilima kingine walichosikia kimefumuka upande wa Serengeti. Waliobaki walikuwa na mashimo, vumbi, na bustani ambazo hazitoi kitu bila dawa. Dawa yenyewe ilizidi kupanda bei huku mnunuzi hayupo. Mmoja mmoja, majirani wakaanza kupita kwa Waitara. Walisimama ukingoni kwanza, kama watu waliopotea njia. Halafu wakauliza ile mboji anaichanganyaje. Udongo wake ulikuwa umeanza kuwa mweusi tena.

Ndipo akaja bibi shamba mpya wa kata, binti mmoja aitwaye Kezia, mpole, mwenye buti za mpira. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Mugumu aliyekuwa anapeleka mboga kwenye hoteli za watalii karibu na geti la Ikoma, na hoteli zilitaka mboga zisizopigwa dawa. Kezia aliita mkutano chini ya paa la kanisa. Walikuja wanaume kwa wanawake. Mokami alikuja, na Neema, ambaye sasa alikuwa amerudi shule na siku hiyo ilikuwa Jumamosi, alikaa benchi la nyuma.

"Kabla sijawaambia la kwangu," Kezia alisema, "nataka kusikia lenu. Wenzetu hapa mmeshaacha dawa. Kwa nini mliacha?"

Mzee mmoja alisema dawa ni ghali. Mwingine akasema udongo umechoka. Verdiana, mama mwenye bustani ya mwisho kule bondeni, alisema amesikia mambo ya hoteli, labda bei itakuwa nzuri. Watu waliitikia kwa vichwa. Zilikuwa sababu nzuri, za kusemwa mbele za watu.

"Na wewe, baba? Naambiwa wewe ndiye ulitangulia."

Waitara alisimama. Macho yote yalimgeukia, na kila mtu pale alikuwa amekula ugali wa matanga nyumbani kwake. Alifungua mdomo. "Mimi pia," alisema, "ni mambo ya gharama tu." Akakaa.

Kisha sauti ikatoka nyuma.

"Si kweli." Neema alikuwa amesimama, anashikilia mgongo wa benchi la mbele yake. "Dada Kezia, samahani. Mama yangu alikufa kwa dawa ile. Alikuwa anapulizia, bomba linavuja. Akatuomba tumvue nguo, tukamfunika blanketi, kwa sababu hatukujua. Ndiyo maana baba aliacha. Hakuna gharama pale. Nyanya ziliiva, mnunuzi akaja mpaka mlangoni, baba akazing'oa zote. Mimi nilikuwa dirishani, nilimwona."

Hakuna aliyesogea. Waitara aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Ndipo Verdiana akaanza kulia, taratibu, kama mtu aliyefunguliwa kamba. Alisema mimba zake mbili zilitoka miaka ile ya rashi, akiwa na bomba mgongoni, na hajawahi kumwambia mtu isipokuwa mume wake. Yule mzee wa gharama akanyoosha mikono yake mbele ili wote waione, na mikono ilikuwa inatetemeka. Alisema hawezi tena kushika kikombe cha chai bila kukimwaga, na wajukuu wanadhani ni uzee. Mwingine akamtaja kaka yake. Mambo ya hoteli hayakuzungumzwa tena siku hiyo. Kezia alikaa kwenye benchi pamoja nao, ameweka mikono magotini, akawasikiliza mpaka jua likageuka.

Walirudi nyumbani kwa miguu, baba mbele, binti nyuma, kisha wakajikuta wanakwenda sambamba.

"Nimekuaibisha," Neema alisema.

"Hapana."

"Kwa nini hukusema mwenyewe?"

"Nilifikiri nikilitamka litakuwa limekwisha, kama mambo mengine yanayosemwa kwenye mikutano. Sikutaka liishe."

Walipofika Neema alikwenda kubadili nguo, akashuka bustanini kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akachukua ndoo nyingine. Walimwagilia pamoja mpaka mistari yote ikalowa. Kwenye sukuma wiki alisimama, akamtazama baba yake.

"Tata, zamani, kabla ya bomba, mama alikuwa anaimba akimwagilia. Nilikuwa mdogo, nakumbuka sauti tu. Alikuwa anaimba nini?"

Waitara aliishusha ndoo. Alifikiri sana; aliipekua miaka yote ile ya ndoa, mwaka kwa mwaka, asubuhi ambazo Ghati alikuwa huku chini na yeye kule juu zizini. Hakupata hata mstari mmoja.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Sikuwahi kushuka."

Neema aliitikia kwa kichwa. Aliweka ndoo chini, akafuta mikono kwenye sketi, akapanda juu kwenda kumwuliza Mokami.